Ng'ombe Mwenye Kisonono: Tusiziamini Data za Jenomu Kwa Macho Tu

Kisonono ni ugonjwa wa binadamu. Lakini kuna wakati ungeweza kuchukua kipande cha DNA ya ng'ombe, ukakilinganisha na data zilizo wazi duniani, kompyuta ikakujibu kwamba umekutana na bakteria wa kisonono. Ng'ombe wa watu hana kosa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliokuwa wanakagua jenomu ya ng'ombe waligundua kwamba jenomu moja ya bakteria huyo, iliyoorodheshwa kama jenomu kamili, ilikuwa na vipande vya DNA ya ng'ombe na kondoo ndani yake.

Tunaosoma sayansi na ualimu tunapakua sana data za namna hii, na tukishaona zimetoka kwenye kituo kikubwa tunafunga mjadala. Somo la leo ni moja tu: data kuwa wazi kwa umma si sawa na data kuwa imethibitishwa.

Kanzidata hizi ni nini?

Jenomu ni maelekezo yote ya urithi ya kiumbe, yanayoandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Seti moja ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Tangu mwaka 1982 ipo GenBank, kanzidata ya umma ya Marekani. Inashirikiana na wenzake wa Ulaya na Japani, na hubadilishana data kila siku. Mtafiti akimaliza kusoma jenomu anaipeleka huko, na yeyote mwenye bando anaipakua bure.

Tuelewe hapa: GenBank ni ghala. Wapo wanaokagua mzigo unapoingia, lakini rekodi inabaki ya aliyeileta, na yeye ndiye anayetegemewa kuirekebisha ikiwa na kasoro.

Uchafu unaingiaje?

Mashine nyingi hazisomi jenomu kwa mkupuo. DNA hukatwa vipande vifupi, vinasomwa, halafu kompyuta inaviunganisha. Ni kama kupewa gazeti lililochanwa na kuambiwa ulipange upya. Sasa vipande vya gazeti jingine vikidondokea kwenye rundo hilo, utavipachika mahali fulani tu.

Vipande hivyo vya kigeni vina njia nyingi. Vinaweza kutoka kwenye ngozi au mate ya mtafiti, kwa bakteria wanaoishi tumboni mwa mnyama anayechunguzwa, kwenye kemikali za maabara, au kwenye sampuli ya jirani iliyopita katika mashine ileile. Hakuna aliyedanganya hapo. Ni usafi tu uliopungua kidogo, na DNA haionekani kwa macho.

Kosa moja, mashahidi wengi

Kila mwanachuo anajua habari za madesa. Mtu mmoja akikosea jibu kwenye desa, darasa zima linalibeba hadi kwenye mtihani. Mwalimu akikuta watu arobaini wameandika jibu lilelile la makosa, hasemi ana mashahidi arobaini. Anajua ni shahidi mmoja aliyenakiliwa.

Kompyuta haina akili hiyo. Jenomu mpya ikiingia, programu huipa majina ya jeni kwa kuangalia zinazofanana nazo kwenye ghala. Jina likiwa la makosa, linanakiliwa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba jenomu zaidi ya 2,000 za bakteria zilikuwa na vipande vya DNA ya binadamu, na vipande hivyo vilikuwa vimezaa zaidi ya protini 3,000 ambazo hazipo kabisa. Nyingine zilifanana kati ya bakteria wa aina tofauti, hivyo zikaonekana kama familia halisi ya protini. Kumbe zote ni binadamu yuleyule.

Gharama yake

Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema kwamba aina mbalimbali za saratani zina alama zake za vijidudu. Watu wakapata matumaini ya kipimo cha saratani kwa kuangalia vijidudu kwenye damu. Mwaka 2023 watafiti wengine wakazirudia data zilezile. Wakakuta kwamba vipande vingi vilivyohesabiwa kama bakteria vilikuwa DNA ya mgonjwa mwenyewe. Sababu mojawapo ni ileile: baadhi ya jenomu za bakteria zilizotumika kulinganishia zilikuwa na vipande vya binadamu. Kulikuwa pia na kosa katika namna takwimu zilivyosawazishwa. Mwaka 2024 makala hiyo ikaondolewa rasmi, wakati tafiti nyingine zilikuwa zimeshajengwa juu yake.

Tufunge ghala, basi?

Hapana. Angalia kisa cha tadigredi, mnyama mdogo sana anayestahimili kukaushwa. Mwaka 2015 timu moja ya Marekani ilisema kwamba kama moja ya sita ya jeni zake zimetoka kwa viumbe wengine, hasa bakteria. Timu ya Edinburgh, iliyokuwa inasoma jenomu ya mnyama huyohuyo, ikalinganisha data na ndani ya siku chache ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya jeni hizo ni uchafu wa bakteria. Waliweza kwa sababu data zilikuwa wazi. Zingefungiwa kabatini, hadi leo tungekuwa tunafundisha makosa.

Kwa hiyo tuendelee kupakua, lakini tuulize. Sampuli ilitoka wapi, na ilikaa na nani? Kipande hiki kimeungana na jeni za kiumbe chenyewe, au kinaelea peke yake? Rekodi zinazokubaliana ni kazi za maabara tofauti, au zimenakiliana? GenBank nao wametoa programu ya kukagua uchafu, FCS, na ni ya bure.

Zoezi

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amechukua udongo wa shambani. Kipande kimoja cha DNA kimefanana kwa asilimia 99 na rekodi ya samaki wa baharini. Kabla hajaandika kwamba shamba liliwahi kuwa bahari, aulize nini? Jadilini vikundi kwa vikundi, na msidesane.