Choroko na Wali: Chakula Kamili cha Nyumba ya Mkulima

Mkulima wa Shinyanga, na wa Kahama hata Geita, anayo ardhi ya namna mbili. Juu, penye kichanga, hupanda mtama, karanga, kunde na choroko. Chini katika mbuga, penye udongo mweusi ushikao maji, hutengeneza majaruba na kupanda mpunga. Na mvua ikiisha, unyevu uliobaki katika udongo ule huotesha dengu. Basi chakula chema chatoka katika shamba lake mwenyewe.

Lakini ziko nyumba ambazo huvuna hayo yote, kisha zikala wali au ugali wenye mchuzi mwepesi tu, kwa kuwa choroko na dengu zimekwisha kwenda sokoni. Kuuza si kosa. Fedha hununua nguo, madaftari na mbegu. Ila yule auzaye zote, kisha akanunua kitoweo dukani miezi ya njaa kwa bei ya juu, amejitia hasara mara mbili: ya fedha, na ya miili ya watoto wake.

Karatasi hii yakufundisha mambo matatu: sababu ya kula wali pamoja na choroko, namna ya kupika, na kiasi kinachopasa kubaki ghalani.

1. SABABU YA KUVILA PAMOJA

Mwili wataka chakula cha kutia nguvu, cha kuujenga, na cha kuulinda na maradhi. Wali hutia nguvu. Choroko hujenga, kwa kuwa katika kila gramu 100 za choroko kavu mna protini ipatayo gramu 24, hali mchele mweupe una gramu 7 hivi. Majani mabichi na matunda hulinda.

Tena iko sababu nyingine. Protini ni mfano wa nyumba iliyojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Mchele umepungukiwa na tofali liitwalo laisini, nazo choroko, kunde na maharage zinalo tele. Jamii hiyo ya kunde nayo imepungukiwa na tofali liitwalo methionini, ambalo mchele unalo. Kila kimoja huziba pengo la mwenziwe.

Mchele uliokobolewa ukawa mweupe kabisa hupoteza pia vitamini B1 pamoja na pumba. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona huko Java kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu. Walipopewa mchele wenye pumba wakapona. Mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Choroko zina vitamini hiyo, kwa hiyo zikiambatana na wali hurudisha sehemu ya kilichopotea kinuni au mashineni.

2. VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa nyumba ya watu wazima wawili na watoto watatu, pima kwa kikombe cha robo lita:

Mchele, vikombe 2.
Choroko, kikombe 1, yaani gramu 200 hivi.
Karanga zilizotwangwa, konzi mbili.
Kitunguu 1 na nyanya 2.
Majani ya kunde au mchicha, fungu kubwa.
Limau, au pera, au unga wa ubuyu.
Chumvi kidogo.

Chagua karanga moja moja. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa au iliyo chungu itupwe, wala asipewe mtoto. Sumukuvu iliyomo haiondoki kwa kupikwa.

3. NAMNA YA KUPIKA

(a) Chagua choroko, uzioshe, uziloweke tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale. Choroko zilizolowekwa huiva upesi, na kuni hupungua. Hilo si jambo dogo Shinyanga, nchi ambayo miti yake ilikwisha sana hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakarudia kutunza ngitili zao.

(b) Tia maji mapya yazifunike kwa vidole vitatu. Chemsha hata zilainike na kuanza kupasuka. Usitie magadi, huharakisha kuiva, lakini huiharibu vitamini B1 uliyokuwa ukiitafuta.

(c) Tia kitunguu, nyanya na karanga. Koroga, uache moto mdogo kwa dakika 15, mchuzi uwe mzito. Chumvi itiwe mwisho.

(d) Mchele uoshwe mara moja au mbili tu. Ukioshwa mara nyingi, vitamini huenda na maji. Pika kwa vikombe 4 vya maji, yakauke ndani ya chungu. Usipike kwa maji mengi na kuyamwaga.

(e) Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, kisha yapikwe kwa maji machache, dakika 5 zatosha.

(f) Pakua katika bakuli: wali, juu yake choroko, kandoni majani. Kamulia limau, au wape pera baada ya kula. Vitamini C iliyomo huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyo katika choroko na majani. Chai huyazuia, kwa hiyo inyweni saa moja au zaidi baada ya chakula.

4. ATUMIAYE MAHARAGE

Mwenye maharage na ayatumie kwa kipimo kile kile. Lakini maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iletayo kutapika na kuhara yasipoiva. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, na yaendelee hata yaive kabisa. Kuyaacha tangu mwanzo juu ya moto hafifu usiochemsha hakuiondoi sumu hiyo.

5. NENO KWA NYUMBA ZA WACHIMBAJI

Katika nchi ya dhahabu, Geita na Kahama, wachimbaji wadogo hushika dhahabu kwa zebaki. Karai au sufuria iliyoguswa na zebaki isirudi jikoni kamwe, hata ikioshwa. Wala zebaki isichomwe katika jiko la nyumbani: moshi wake hauonekani vema, lakini huingia mwilini na kuharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye aumiaye kuliko wote. Mchimbaji na anawe mikono na kubadili nguo kabla ya kushika chakula.

6. GUNIA LA NYUMBA

Sasa fanya hesabu. Gramu 200 kila siku, kwa mwaka mzima, ni kilo 73. Ukipika choroko siku nne tu katika juma, ni kilo 42 hivi. Basi gunia moja la kilo 100 latosha mwaka, na hubaki mbegu. Siku ya mavuno, kabla mnunuzi hajafika, mume na mke wakubaliane: gunia hili ni la nyumba, haliuzwi.

Kausha choroko sana juani. Zihifadhi katika mfuko usiopitisha hewa, au debe lenye kifuniko kikazacho, lijazwe pomoni. Fukusi akikosa hewa hufa, wala huna haja ya kutia dawa katika chakula cha watoto.

Yapasa kusema wazi kwamba chakula cha mimea peke yake hakina vitamini B12. Mama mjamzito, anyonyeshaye na mtoto mdogo waongezewe maziwa, yai au dagaa kila ipatikanapo. Bakuli hili haliwakatazi wenye ng'ombe kunywa maziwa. Lawafundisha wasio nayo kwamba hawakuachwa bila kitu.

KUMBUKA: Kikombe kimoja cha choroko kwa viwili vya mchele. Loweka, usitie magadi. Majani na limau kila mara. Na gunia moja libaki nyumbani.