Injini Ikikosa Nguvu Mlimani: Fuata Mafuta Tangu Tangini



Somo letu la mwezi huu ni la mashine. Wengi wenu mna pikapu au trekta, ya mtu peke yake au ya chama, na tena maziwa hayangoji, wala mananasi hayangoji. Injini ikilegea njiani kati ya Thika na Ruiru, hasara huanza saa ile ile. Lakini iko hasara iliyo kubwa zaidi, nayo ni kulipia ugonjwa ambao gari halina.

Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Mkulima mmoja wa upande wa Ruiru alikuwa na pikapu ya dizeli ya kuchukulia maziwa. Asubuhi iliwaka vizuri na kwenda vizuri. Baada ya robo saa hivi, hasa penye mpando, ilipoteza nguvu kama mtu aliyeshikwa koo. Akisimama kando ya barabara dakika chache, nguvu zilirudi. Fundi aliisikiliza injini ikinguruma pale uwanjani, akasema pampu imekufa. Mkulima akauza mtamba mwenye mimba, pampu ikatengenezwa. Siku ya pili gari likalegea tena kwenye mpando ule ule, na maziwa yakachacha.

Tulipofungua tangi tulikuta kipande cha karatasi ya plastiki, hakizidi kiganja cha mtoto. Gari lilipokwenda, kipande hicho kilivutwa mpaka kwenye mdomo wa bomba kikauziba. Gari liliposimama, kilibanduka kikaelea. Mtamba alikwenda bure.

MFEREJI WA MAFUTA

Fikirini mfereji wa kunyweshea mboga. Tuta la mwisho likikauka, hakuna mkulima anayeanza kwa kulilima upya. Huenda kwanza mtoni, mahali maji yanapoingia, akaufuata mfereji hatua kwa hatua mpaka aone yanapopotea. Mafuta nayo yana mfereji wao: tangi, bomba, chujio, pampu, nozeli. Anzeni tangini, kwa kuwa huko kazi ni rahisi na gharama ni ndogo. Pampu iwe ya mwisho.

HEWA NA MAFUTA

Injini hula vitu viwili, hewa na mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Thika iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika saba. Kwa hiyo chombo cha kusukumia hewa ndani ya injini kwa nguvu kina faida kubwa huku kwetu. Kikizungushwa na moshi wa ekzosi huitwa turbo, nayo imo katika pikapu nyingi za dizeli. Kikizungushwa na mkanda wa injini huitwa supachaja, nayo imo katika baadhi ya magari ya petroli ya mbio.

Sikilizeni vizuri hapa: hewa ikiongezwa, mafuta nayo lazima yaongezwe. Dizeli ikikosa mafuta hulegea tu. Lakini gari la petroli lenye supachaja likipata hewa nyingi na mafuta machache, joto huwa kali mno, injini hugonga kama misumari ndani ya debe, na pistoni huweza kuyeyuka. Dereva akisikia mlio huo na aondoe mguu mara moja, asilazimishe gari kupanda.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, tazama moshi. Dizeli ikitoa moshi mweusi mzito wakati wa kazi, mara nyingi hewa ndiyo pungufu. Angalia chujio la hewa kama limejaa vumbi letu jekundu, na mpira wa turbo kama umepasuka au umechomoka. Ikiwa nguvu hazipo na moshi haupo, yaelekea mafuta hayafiki. Endelea na hatua zifuatazo.

Pili, fungua kifuniko cha tangi gari linapolegea. Likivuta hewa kwa mlio na nguvu zikarudi, kitundu cha kupumulia kimeziba. Kisafishe.

Tatu, chunguza tangi. Toa mafuta kidogo chini yake, uyatie katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji hukaa chini na dizeli juu. Uchafu nao utauona.

Nne, chunguza bomba kutoka tangini mpaka kwenye pampu. Katika matrekta mengi mafuta huvutwa hapa, hayasukumwi. Kwa sababu hiyo ufa mdogo hauvuji nje, bali huingiza hewa ndani. Funga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, utazame kama mapovu yanapita.

Tano, badili chujio la mafuta kwa saa zilizoagizwa katika kitabu cha mashine. Chujio la karatasi haliogeshwi likarudishwa. Baada ya kubadili, toa hewa iliyoingia.

Sita, sasa pima pampu, na upime gari likiwa kazini. Injini inayonguruma bila mzigo hunywa mafuta kidogo, hata pampu dhaifu huitosheleza. Ndiyo maana kipimo cha uwanjani hudanganya. Fundi na afunge geji ya shinikizo, gari lipande mlima likiwa na mzigo, na msaidizi, si dereva, asome geji. Katika gari la supachaja, shinikizo la mafuta lisianguke hewa inapozidi. Likianguka, angalieni chujio na waya wa umeme wa pampu, maana waya ulioshika kutu huinyima pampu nguvu. Halafu pampu yenyewe. Mafuta yakiwa sawa na hewa ndiyo inayopungua, angalieni mkanda wa supachaja kama unateleza.

ONYO

Katika dizeli za kisasa mafuta husukumwa kwa shinikizo linalopita mara 1,000 ya hewa tunayoivuta. Usilegeze bomba la kwenda kwenye nozeli injini ikizunguka, wala usitafute mvujo kwa kidole. Mafuta hayo hutoboa ngozi. Aliyetobolewa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo kama cha sindano. Penye petroli pasiwe na moto wala sigara.

WEKENI DAFTARI

Kila gari linapolegea, andika saa, mahali, mzigo, rangi ya moshi, na mafuta yaliyobaki tangini. Mkulima yule angalikuwa na mistari miwili tu, "Limelegea baada ya robo saa. Limesimama, nguvu zimerudi," fundi mwangalifu angalianzia tangini, kwa kuwa pampu iliyolika haiponi kwa kupumzika dakika chache.

Mwenye kuweka mafuta katika pipa na achuje kila anapomimina, asinyonye ya chini kabisa ambako maji na takataka hutulia. Tena tangi lijazwe jioni, kwa maana tangi tupu hufanya umande ndani usiku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Trekta imelegea bila kutoa moshi. Utaanzia wapi, na kwa nini?
2. Kwa nini bomba laweza kuwa na ufa bila kuvuja?
3. Pampu imepimwa injini ikiwa bila mzigo, ikaonekana nzima. Je, yatosha?

Jibuni pamoja jioni, na vijana wanaoendesha wawepo. Fundi akikwambia pampu imekufa, muulize kwa heshima: "Tangi umelitazama?" Swali hilo halina gharama, na huenda likakuachia ng'ombe wako zizini.