Nyumba Kwanza, Chatu Baadaye

Muhula uliopita nilikuwa Minneapolis, Marekani, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilikaa nyumba moja na jamaa Mkenya aliyekulia kule tangu darasa la kwanza. Siku yangu ya pili nikamkuta sebuleni amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo la urefu wa sentimita 120, ndani hamna kitu zaidi ya waya na bakuli la maji. Nikamuuliza samaki wako wapi. Akacheka. Si samaki bwana, ni chatu, na chatu mwenyewe bado hajanunuliwa.

"Nyumba ikikaa wiki mbili bila kunisumbua, ndio namleta," akasema.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu nyoka akionekana uani swali ni moja tu, fimbo iko wapi. Nilifikiria kuhama, sitadanganya. Lakini kodi nilishalipa, kwa hiyo nikakaa, na kwa kukaa nikajifunza namna ya kumwandalia chatu makazi. Niliyojifunza nayaandika hapa, pamoja na kosa nililofanya mwenyewe.

Kwanza tumjue mnyama. Huyu si yule chatu wetu wa porini anayeweza kupita mita 4. Ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, anayepatikana kuanzia Senegal hadi pande za Uganda. Jike mkubwa hufika mita moja na nusu hivi, dume ni mfupi zaidi. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani wanamwita chatu wa mpira, maana akiogopa hajitetei kwa kuuma, anajiviringisha na kuficha kichwa katikati. Mchana hulala kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, usiku ndio hutoka. Ukilielewa hilo shimo umeelewa karibu kila kitu kuhusu nyumba yake: lina giza, lina joto, lina unyevu na linambana.

Sasa watu wengi hukosea hapo. Wanajenga nyumba ya kumtazamia nyoka, kioo pande zote, taa kali, tawi moja katikati. Mwenzangu alifanya kinyume. Alibandika makaratasi meusi pande tatu za kioo, akabakiza mbele tu. Ndani akaweka mapango mawili ya plastiki, moja upande wa joto na lingine upande wa baridi, yote madogo kiasi kwamba nyoka akiingia mgongo wake unagusa paa. Mimi nikaona huo ni ubadhirifu. Nyoka mmoja, vyumba viwili vya kulala, wakati sisi tunagawana bafu? Akanijibu kwamba pango likiwa moja tu nyoka atachagua usalama na kuacha joto, au atachagua joto na kuacha usalama, na vyote viwili anavihitaji. Nyoka hajitengenezei joto la mwili, anahamahama kulitafuta. Nikaona amejibu kitu, ila ubahili wangu ulibaki palepale.

Upande wa joto ulitakiwa uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi kama 26, na usiku pasishuke chini ya 24. Joto lilitoka kwenye balbu ya kauri isiyotoa mwanga, imening'inizwa juu na kuzungushiwa wavu ili nyoka asijikunje juu yake akaungua. Balbu haichomekwi moja kwa moja ukutani. Inapita kwenye themostati, kifaa chenye waya mrefu wenye kichwa cha kupimia, na kile kichwa kinafungwa pale pale panapopata joto. Kikisoma joto limetosha, umeme unapunguzwa. Bila hicho kifaa umemwekea mnyama jiko. Vipimajoto vilikuwa viwili, kimoja kila upande, pamoja na kile cha kuelekeza kama bunduki, tulichozoea kupimwa nacho getini enzi za Korona.

Chini kulitandikwa makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, kina cha sentimita 8. Jamani! Mfuko mmoja alinunua kwa dola kadhaa, makumbi yaleyale tunayowashia moto nyumbani. Yanasifiwa kwa kushika maji bila kuoza haraka, na unyevu ukikaa kati ya asilimia 60 na 80 nyoka hujivua gamba zima kama soksi. Hewa ikiwa kavu gamba linachanika vipande, vingine vinang'ang'ania mkiani na kwenye macho. Vumbi la mbao za mierezi halifai, lina mafuta yanayodhuru mapafu yake. Na mlango uwe na kufuli. Chatu akipata upenyo wa kupitisha kichwa, kiwiliwili kitafuata.

Wiki mbili zile alikuwa anaandika vipimo asubuhi na usiku kwenye daftari. Mara ya kwanza unyevu ukagoma asilimia 40, akaziba nusu ya matundu ya juu na kumwaga maji kwenye pembe za matandiko. Ilipotulia ndipo akaenda kumchukua, dume mdogo aliyezaliwa kwa mfugaji, si wa kukamatwa porini. Kule swali la kwanza kwa muuzaji ni hilo, kwa sababu chatu wengi wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin, na wa porini mara nyingi huja na vimelea na hugoma kula.

Mama yake alipiga simu jioni ile. Nilimsikia kwenye spika: "Hiyo nyoka iko kwa nyumba? Basi mimi siji. Siku itatoka, ndio nitaingia." Na kweli muhula mzima hakukanyaga pale. Chakula alikuwa anakiacha mlangoni.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kumshika. Wenzangu wa elimu, kumbukeni siku zenu za kwanza bwenini, halafu kila dakika kumi mtu mgeni anakunyanyua kukutazama. Siku ya nane akapewa panya aliyegandishwa kisha kupashwa kwenye maji moto, unene wake sawa na sehemu nene ya mwili wa nyoka, kwa koleo refu. Akamla. Hata mimi nilipiga makofi, sijui kwa nini.

Desemba mwenzangu akasafiri siku sita, akaniachia kazi ya kubadilisha maji na kusoma vipimo. Nje ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Siku ya tatu nikasafisha bakuli na kutoa matandiko machafu, na ule waya wa themostati nikausogeza pembeni usinisumbue. Nikafunga kufuli, nikaenda zangu maktaba. Waya ukabaki unaning'inia nje ya sanduku.

Mnaona kilichotokea. Themostati ikawa inasoma baridi ya sebule, ikadhani nyoka anaganda, ikaendelea kuwasha balbu kwa nguvu zote. Nilirudi saa nane mchana. Kipimajoto cha bunduki kikasoma nyuzi 46 juu ya pango la upande wa joto. Nikachomoa umeme, mikono inatetemeka, nikalifunua lile pango nikiwa na uhakika nimemuua. Halikuwa na kitu.

Alikuwa kwenye pango la pili, lile la upande wa baridi nililoliita ubadhirifu. Pale palikuwa na nyuzi 30. Amejiviringisha, kichwa katikati, ulimi unatoka na kuingia. Ndipo kwa mara ya kwanza nilimshika nyoka maishani mwangu, kumgeuza nione tumbo kama limeungua. Lilikuwa jeupe, safi, na yeye mkavu, mzito kuliko nilivyodhani.

Nikampigia mwenzangu, nikamwambia yote. Alinyamaza muda, kisha akauliza waya uko wapi sasa. Aliporudi aliufunga kwa kamba za plastiki mahali ambapo huwezi kuusogeza bila kukata, na akanunua themostati ya pili inayozima kila kitu ikipita nyuzi 36. Nusu ya gharama nilitoa mimi kwenye posho.

Kabla mtu hajapata wazo: hapa Tanzania kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na chatu wa porini mwache porini. Hata penye ruhusa, piga hesabu ya miaka. Chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vizuri. Mmoja wa Saint Louis Zoo, Marekani, alitaga mayai 7 mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60.

Baada ya tukio lile dume wetu aligoma kula wiki tatu. Mwenzangu hakumlazimisha, aliendelea kuandika vipimo tu. Wiki ya nne, usiku, taa zimezimwa, nikashika koleo mimi.

Akamchukua panya nikiwa bado sijahesabu tano.