SOMO LA MWEZI: Rubani Mrefu na Ndege Ndogo



Katika darasa letu la jioni kijana mmoja wa shamba la miwa alitutolea swali. Yeye ni mrefu, huinama kila apitapo mlangoni, na uzito wake ni kilo 115. Kila msimu huiona ndege ndogo ikinyunyiza dawa juu ya miwa. Akauliza: "Je, mtu kama mimi naweza kurusha ndege kama ile?" Darasa zima lilicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliwahi kumcheka mwenzetu zamani tukajuta. Habari hiyo tutaieleza mwishoni.

Jibu ni ndiyo, ila si kwa kila ndege. Ndege huchaguliwa kwa mizani na kwa tepu ya kupimia. Macho peke yake hayatoshi.

1. HESABU YA UZITO

Kila ndege ina kitabu chake, na ndani yake umeandikwa uzito ambao haipasi kuuzidi inapoondoka. Tuchukue mfano wa Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyoundwa Marekani tangu 1977 hadi 1985, na ambayo imefundisha marubani wengi duniani. Mwisho wake ni kilo 757. Tuseme ndege yenyewe ikiwa tupu ina kilo 510. Zinabaki kilo 247. Tukijaza petroli, lita 93 zinazoweza kutumika, hizo ni kilo 67 hivi. Sasa zimebaki kilo 180 kwa watu wawili na mizigo yao.

Kijana wetu ana kilo 115. Mwalimu wake akiwa na kilo 80, jumla ni 195. Wamezidi kwa kilo 15.

Wafanye nini? Wanaweza kupunguza petroli lita 21, lakini hiyo ni karibu saa nzima ya kuruka. Au watafute ndege kubwa kidogo. Cessna 172 ya viti vinne, ile ya miaka ya mwisho ya 1970, ina mwisho wa kilo 1,043. Ikiwa tupu na kilo 650, na petroli ya kilo 109, zinabaki kilo 284. Hapo wawili wale wanakaa na nafasi inabaki.

Tena kuna vyombo vyenye mpaka kwa kila kiti. Helikopta ndogo ya Robinson R22 hairuhusu zaidi ya kilo 109 kwenye kiti kimoja, pamoja na mzigo uliowekwa chini yake. Kwa hiyo usihesabu jumla tu. Soma na mpaka wa kiti.

2. UZITO UKAE WAPI

Anayebeba maji kwa mzegazega anajua kwamba ndoo moja ikizidi nyingine, mti huteleza begani. Ndege ni hivyo hivyo. Mzigo ukirudi nyuma mno, mkia hulemea, pua huinuka, na rubani anaweza kushindwa kuishusha.

Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo ya abiria ilianguka mara tu baada ya kuondoka. Watu wote 21 walikufa. Wachunguzi walikuta makosa mawili yaliyokutana. Mitambo ya kuinua na kushusha pua ilikuwa imerekebishwa vibaya karakanani, na uzito wa nyuma ulikuwa umepita kiasi. Hakuna aliyejua kwamba umepita, kwa maana abiria hawakupimwa. Kila mmoja alihesabiwa kwa kilo za kadiri zilizoandikwa kwenye karatasi, na watu halisi walikuwa wazito kuliko karatasi. Baada ya hapo serikali ya Marekani iliongeza kilo hizo.

Ndugu, ndege huinua kilo zilizomo ndani yake. Karatasi haiinui kitu. Rubani anayeficha kilo kumi kwa kuona haya anajidanganya mwenyewe. Apande mizani akiwa na viatu na nguo za kazi, aseme kweli.

3. KITI NA MWILI

Uzito ukikubali, bado kuna urefu. Usinunue wala usianze kujifunza kabla ya kukaa ndani, kufunga mkanda na kufunga mlango. Kisha jaribu haya:

(a) Kichwa kisiguse dari.
(b) Usukani uzunguke wote kulia na kushoto bila kugonga magoti.
(c) Usukani uvutwe mpaka mwisho bila kuzuiwa na tumbo.
(d) Miguu isukume pedali mpaka mwisho.
(e) Kiti kikisogezwa nyuma, kufuli lake lishike barabara kwenye reli.

Hilo la mwisho si dogo. Mwaka 1987 serikali ya Marekani iliamuru reli za viti vya ndege nyingi za Cessna zikaguliwe, kwa sababu reli zilizolika huacha kiti kuteleza nyuma wakati ndege inapanda. Rubani akiteleza, mikono huuachia usukani au huuvuta bila kutaka.

4. MTU WA KADIRI HAYUPO

Jeshi la anga la Marekani lilikuwa likitengeneza chumba cha rubani kwa kufuata vipimo vya mtu wa kadiri. Mwaka 1950 marubani zaidi ya 4,000 walipimwa. Luteni Gilbert Daniels alichukua vipimo kumi, kama vile urefu, kifua na mikono, akatafuta ni wangapi walio wa kadiri katika vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya wote hakikumfaa yeyote sawasawa. Ndipo jeshi likadai viti, pedali na mikanda inayoweza kurekebishwa.

Sasa ile habari yetu. Mwenzetu mmoja, dereva wa trekta, alilalamika kwamba kiti kimemkaa vibaya kwa urefu wake. Msimamizi alimwambia wenzake wote wanakitumia. Sisi tulicheka naye msimamizi. Baada ya misimu miwili mgongo ulimshinda, akaondoka kazini bila kitu. Boliti nne na saa moja ya fundi zingetosha kukirudisha kiti nyuma.

Kwa hiyo kijana wetu tulimjibu hivi: jipime, aanze na ndege ya viti vinne, na akifika kwenye ndege ya kunyunyiza dawa, ambayo mara nyingi ina kiti kimoja, apunguze dawa tangini ili kilo zake zipate nafasi. Mwajiri asipokubali kupunguza, asiondoke chini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kazini kwenu, ni mashine gani inayowaumiza warefu, wafupi au wanene?
2. Nani aliyepimwa kabla ya meza, kiti au bomba la dawa la mgongoni kununuliwa?
3. Mwenzenu akilalamika, mnacheka au mnachukua tepu?

Andikeni majibu, mmpe katibu wa tawi ayafikishe kwenye kikao na mwajiri.