Keki ya shira bila oveni

Swali: Dada, nataka kuoka ile keki ya semolina inayonyweshwa shira, kama ya Mombasa. Huku Mathare nina jiko la makaa tu. Kila nikijaribu, chini inaungua na juu inabaki mbichi.

Jibu: Dada yangu, makaa yako yamekaa vibaya. Weka machache chini, mengi juu ya kifuniko. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria nzito, uupashe moto dakika 10, ndipo uweke chombo cha keki juu yake. Na jiko likae nje au mlangoni, nakusihi. Hewa ya makaa haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua.

Semolina na iliki utazipata ukivuka tu Juja Road, madukani Eastleigh. Changanya semolina vikombe 2, sukari kikombe 1, mala kikombe 1, siagi iliyoyeyushwa nusu kikombe na kijiko kidogo cha bekingi pauda. Acha dakika 15 semolina inywe mala, la sivyo utatafuna chenga. Oka kama dakika 40, mpaka juu iwe kahawia.

Shira itangulie: sukari kikombe 1 na nusu, maji kikombe 1, iliki, ichemke dakika 10, kamulia limau isigande, kisha ipoe kabisa. Keki ikiiva ikate vipande humo humo chomboni, na ingali moto uimwagie shira kidogo kidogo. Utaisikia ikichemka pembeni. Zote zikiwa moto, keki hulegea ikawa kama uji. Ngoja saa 2 ndipo upakue.