Kifafa na Moto wa Mekoni

Uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, huwa na baridi kali mwezi wa Juni na Julai, na watu hupenda kuota moto. Kwa mtu mwenye kifafa, moto huo waweza kumdhuru kuliko ugonjwa wenyewe.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo huamrisha viungo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Amri zake zikivurugika ghafula, mtu huanguka, hukakamaa, hutetemeka, na povu humtoka kinywani. Baada ya dakika chache hutulia, na akiamka hakumbuki neno. Wengine hawaanguki, hukodoa macho kitambo tu, wala hawajibu wakiitwa. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huadhibiwa kwa kosa la kutosikiliza, naye hana kosa.

Watu wengi huliogopa lile povu, wakidhani ndilo liambukizalo. Sivyo, ni mate tu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, mwaka 1960 hivi, aliwakuta wametengwa na jamaa zao. Wengine walikuwa na makovu makubwa, kwa kuwa waliangukia motoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Aliwapa fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 nchini Ujerumani, na wengi wakapata nafuu. Dawa hiyo humezwa kila siku. Mwenye kuiacha ghafula, kwa kudhani amepona, huweza kuanguka vibaya kuliko kwanza.

Sababu za kifafa ni nyingi, kama kuumia kichwa au malaria ya ubongo. Iko moja ya vijiji vifugavyo nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vijifuko vya tegu, hupata tegu tumboni. Mayai yake hutoka kwa choo kikubwa. Mtu akiyameza kwa mikono michafu au kwa maji, wana wa tegu huweza kukaa ubongoni. Basi hata asiyeonja nguruwe maishani aweza kuugua.

Mtu akianguka, aondolewe penye moto, alazwe ubavu, nguo ya shingoni ilegezwe. Asishikwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko kinywani. Kijiko hicho kimevunja meno mengi. Kutetemeka kukipita dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Akitulia mapema, mwenzake akae naye mpaka fahamu zimrudie.