Dawa Iongezayo Mayai: Kwa Nini Mpunga wa Ruzizi Usipulizwe kwa Kalenda

Mkulima wa mpunga katika uwanda wa Ruzizi, kuanzia Kiliba na Sange hadi Luberizi na Luvungi, huipima dawa ya wadudu kwa jambo moja: kesho yake asubuhi, wadudu wamekufa au hawakufa? Kipimo hicho kinaeleweka, lakini hakitoshi. Hasara kubwa haitokani na wadudu waliokuwepo siku ya kupuliza. Huletwa na watoto na wajukuu wao, watakaolikuta shamba mpunga ukiwa umebeba mimba au unatoa masuke. Swali lenye uzito basi ni hili: waliobaki hai watazaa kiasi gani? Utafiti wa zaidi ya miaka 40 katika nchi zinazolima mpunga umetoa jibu ambalo kila mwenye shamba anapaswa kulijua. Dawa kadhaa, zikipulizwa mapema mno au kwa kipimo pungufu, huwaongezea wadudu uzazi.

Tuanze na hesabu. Chukua mdudu jike atagaye mayai 200. Katika shamba lililotulia, buibui, nyigu wadogo, kerengende na chungu huwala wengi kiasi kwamba wanabaki wawili tu, mmoja dume na mmoja jike, na idadi haipandi wala haishuki. Dawa ikipunguza kazi ya walinzi hao, wakabaki wadudu wanne badala ya wawili, idadi inaongezeka mara mbili kila kizazi, na baada ya vizazi vitatu ni mara 8. Sasa ongeza jambo la pili: jike aliyeguswa na dawa bila kufa atage mayai 260 badala ya 200. Baada ya vizazi vile vile vitatu idadi imefika karibu mara 18. Huu ni mfano tu wa hesabu, lakini unaonyesha kwa nini shamba lililopulizwa mara tatu linaweza kuishia na wadudu wengi kuliko la jirani ambaye hakupuliza kabisa.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa huko Asia. Kuna mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye mashina ya mpunga, ambaye wanasayansi humwita Nilaparvata lugens. Katika nchi za joto za Asia, kabla ya miaka ya 1960 hakuwa tishio kubwa. Zilipokuja mbegu mpya, mbolea nyingi na dawa za bei nafuu zilizolipiwa kwa ruzuku ya serikali, alilipuka. Nchini Ufilipino, Peter Kenmore na wenzake walionyesha katika mashamba kwamba dawa ziliwaua walinzi wa asili na mdudu akarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Indonesia ilichukua hatua ambayo bado inafaa kufundishwa: mwezi wa Novemba 1986 Rais Suharto alipiga marufuku dawa 57 zisitumiwe katika mpunga, na ruzuku ya dawa ikaondolewa hatua kwa hatua hadi mwaka 1989. Wengi walitabiri njaa. Mavuno ya mpunga hayakuanguka.

Kufa kwa walinzi ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili imo ndani ya mwili wa mdudu. Ili yai likomae, jike anahitaji protini ya kiini iitwayo vitelojenini. Hutengenezwa katika mafuta ya mwili wake kwa maagizo ya jeni maalumu, kisha husafirishwa na damu hadi kwenye ovari. Kiasi kinachotengenezwa huongozwa na homoni na hali ya chakula. Wachunguzi nchini China waligundua kwamba dawa kama triazofosi na deltamethrini, zikimfikia mdudu wa kahawia kwa kipimo kisichomuua, huzidisha protini hiyo, na jike hutaga mayai zaidi. Athari haiishii kwa majike. Dume aliyeguswa na triazofosi, akipanda jike ambaye hajaguswa na dawa yoyote, humfanya jike huyo atage zaidi, kwa sababu protini za tezi zake za uzazi hupita wakati wa kujamiiana. Kipimo kisichoua si jambo la maabara peke yake. Ndicho kipimo kinachobaki kwenye majani siku kadhaa baada ya kupuliza. Ndicho kimfikiacho mdudu aliyejificha chini karibu na maji. Na ndicho anachokitengeneza mkulima anayeongeza maji kwenye pampu ili chupa moja itoshe mashamba mawili. Kwa nia ya kuokoa pesa, analisha uzazi wa adui.

Hata kemikali isiyolengwa kwa wadudu inaweza kugusa jeni hizo. Jinggangmycin ni dawa ya ukungu itumiwayo sana katika mpunga wa China. Ilionekana kumwongezea mdudu wa kahawia mayai, huku ikimpunguzia uzazi ndugu yake mwenye mgongo mweupe. Kemikali moja, wadudu wawili wa ukoo mmoja, matokeo yanayopingana. Kwa hiyo asiwepo muuzaji wa kumhakikishia mkulima kwamba dawa fulani haina neno kwa kuwa si ya wadudu. Mbolea ya urea nayo imo katika hesabu hii: mpunga uliojazwa naitrojeni una utomvu wenye lishe, na wadudu wafyonzao utomvu huo huishi zaidi na kutaga zaidi. Urea si adui. Igawanywe tu mara mbili au tatu kadiri mpunga unavyokua, isimwagwe yote kwa siku moja.

Upo pia urithi wa usugu. Kila upulizaji huwaacha hai wale wenye jeni za kuivunja dawa, na hao ndio wanaozaa kizazi kinachofuata. Mdudu wa kahawia aliishinda imidaklopridi namna hiyo katika miaka ya 2000 kwa kuzidisha kimeng'enya kiitwacho CYP6ER1. Hapa lakini kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha: usugu una gharama. Katika majaribio, wadudu sugu kwa imidaklopridi walizaa pungufu kuliko wenzao wa kawaida. Dawa ikipumzishwa, wale wa kawaida wanaweza kupata nafasi tena. Anayepuliza kila wiki mbili huwanyima nafasi hiyo.

Msomaji makini wa Uvira atauliza: mdudu huyo ni wa Asia, sisi yanatuhusu nini? Ni kweli, Nilaparvata lugens si mdudu wa Afrika. Wetu ni viwavi wanaopekecha mashina, kama Maliarpha separatella. Inzi wenye macho juu ya vijiti, Diopsis, ambao funza wao huua machipukizi. Na mbawakawa kama Trichispa sericea, ambao husambaza virusi vya madoa ya manjano, ugonjwa uliotambuliwa kwanza nchini Kenya mwaka 1966. Lakini tofauti hiyo haiitetei pampu, bali inazidi kuishtaki. Funza na kiwavi wamo ndani ya shina, ambako dawa ya juu hufika kwa shida. Buibui na nyigu wako nje, ambako hufika yote. Tena, triazofosi hiyo hiyo ilionekana kuongeza uzazi wa kiwavi wa manjano wa Asia, ambaye naye ni mpekechaji wa shina. Hatudai kwamba kila dawa inayouzwa Uvira humfanyia hivyo kila mdudu wa Ruzizi. Tunadai kwamba mwenye kupuliza kwa kalenda anacheza kamari na jambo lililothibitishwa kwa wadudu wa namna hiyo hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nisipopuliza nitakosa mavuno, na watoto watakula nini? Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa anayelima shamba la kukodi kwa mkopo. Lakini mpunga mchanga una uwezo ambao hofu huusahau. Chipukizi likikauka katikati wiki za mwanzo, mmea hutoa mengine. Majani yaliyotobolewa wakati huo mara nyingi hayapunguzi gunia hata moja. Nchini Vietnam, katika delta ya Mekong, wakulima waliombwa kuanzia mwaka 1994 wajaribu wenyewe kutopuliza dawa ya wadudu katika siku 40 za kwanza. Wengi walipunguza upulizaji wasione pengo katika mavuno. Hatari ya kweli huja baadaye, suke linapokauka jeupe, kwa sababu suke halichipui tena. Kwa hiyo shamba lizungukwe kila wiki na wadudu wahesabiwe, walinzi wakihesabiwa pia. Dawa iwe ya mwisho, kwa kipimo cha lebo, na isinunuliwe ikiwa imemiminwa katika chupa isiyo na jina.

Kazi inayoua uzazi wa wadudu bila kuuamsha ni nzito kwa mikono, na hatutaificha. Baada ya kuvuna, mabua yakatwe chini kabisa na kulimwa au kuzamishwa majini, maana ndimo viwavi husubiri msimu ujao. Wanaogawana mfereji mmoja wapande kwa pamoja, ili wadudu wasihame kutoka shamba linalokomaa kwenda lililo changa. Miche yenye madoa ya manjano ing'olewe, na mpunga-mwitu wa kando ya mifereji usiachwe. Na jeni za mpunga wenyewe zitumike: mbegu ya Gigante, yenye asili ya Msumbiji, ina jeni inayouzuia ugonjwa wa madoa hayo. Nayo isitegemewe peke yake. Mbegu ya IR26, iliyotolewa Asia mwaka 1973 kumzuia mdudu wa kahawia, ilishindwa ndani ya miaka michache. Kuzima jeni ya vitelojenini moja kwa moja kumewezekana maabarani, na ovari za mdudu hazikukomaa. Si bidhaa ya kununua sokoni leo.

Dawa nazo haziishii shambani. Maji ya mashamba haya hushuka Ruzizi hadi Tanganyika, ziwa la ndagala na mukeke, ambamo maelfu ya watu wa Uvira huchota maji ya kunywa. Ziwa hili hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, na kinachoingia hukaa muda mrefu sana. Mbu wa malaria nao huzaliwa majarubani, na dawa za jamii ya pairethroidi, zile zile zinazotiwa kwenye vyandarua, huwazoeza usugu wakiwa bado viluwiluwi.

Ndugu mkulima, msimu ujao chagua kipande kimoja cha shamba, usikipulize dawa ya wadudu kwa siku 40 za kwanza, na upande wa pili fanya ulivyozoea. Hesabu wadudu pande zote mbili kila wiki, pima mavuno kwa mizani ile ile, kisha peleka hesabu hiyo kwenye koperative yenu ijadiliwe na wote wanaotumia mfereji wenu.